Kupiga, Kufyatua na Kurusha: Shabaha ya Bunduki na Shabaha ya Kikapu

Katika miswada ya michezo na ya ulinzi inayopita mikononi mwetu limo tatizo moja ambalo ni dogo kwa umbo lakini si dogo kwa madhara. Neno la Kiingereza ambalo sisi tumekwisha kulimeza likawa shuti hutumika huko lilikotoka kwa mwenye bunduki, kwa mwenye upinde, kwa mchezaji wa kandanda na kwa mchezaji wa mpira wa kikapu, bila ya kubadilika hata kidogo. Mfasiri anapokutana nalo hufanya moja katika mambo matatu. Aghalabu huliacha lilivyo, akaandika shuti. Pengine huligeuza kuwa kupiga. Na akiwa na haraka, amefungua kamusi ya lugha mbili pasipo kuitazama sentensi, huandika kupiga risasi. Basi tukasoma katika mwongozo wa walimu kwamba mchezaji hodari wa kikapu ni yule ajuaye kupiga risasi akiwa mbali na goli. Kosa hili la tatu halihitaji makala, maana mhariri yeyote aliye macho atalifuta. Tunaotaka kuwahoji ni wale wawili wa kwanza, kwa sababu wao hupita bila kuulizwa.

Dai letu ni kwamba stadi ya bunduki na stadi ya kikapu zinakutana katika jicho na kuachana katika mkono, na kwamba Kiswahili kilikwisha kulitambua jambo hili kabla ya wafasiri kuanza kulififisha. Tunalo jina la kile kinachozikutanisha, nalo ni shabaha. Tunavyo vitenzi vya kuzitenga. Anayeandika shuti au piga kwa zote mbili haongezi neno katika lugha, bali hufuta tofauti ambayo mwalimu na hakimu wanaihitaji.

Mji wa Arusha unafaa kwa uchunguzi wa namna hii. Makao makuu ya Shirika la Hifadhi za Taifa yako huko, na askari wake, ambao siku hizi wamo katika mfumo wa jeshi usu (istilahi nyingine inayostahili mjadala wake peke yake), hufundishwa silaha kama sehemu ya kazi. Monduli kuna chuo cha maofisa wa jeshi. Oljoro kuna kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na tangu mafunzo ya mujibu wa sheria yaliporejeshwa mwaka 2013, baada ya kusimamishwa mwaka 1994, vijana wengi waliomaliza kidato cha sita wamekuwa wakirudi makwao wakiwa wamekwisha kulala kifudifudi mbele ya shabaha, bunduki begani. Katika kata ya Sokon I, kusini mwa jiji, kijana wa namna hiyo na mdogo wake wa shule ya msingi hukutana jioni katika uwanja mmoja wa kikapu. Tulikwenda kusikiliza, wala hatukwenda kufundisha. Wakubwa walisema shuti kwa kila jambo. Wadogo walisema rusha, tupia, weka, na mpira ulipoingia bila kugusa chuma walisema, "Huyu ana shabaha." Hatukumsikia mtoto hata mmoja akisema mwenzake amepiga. Aliyesema hivyo ni mwalimu wao, aliyepaza sauti toka pembeni, "Piga!" Mtoto akapiga kweli. Mpira ulikwenda kama jiwe, ukagonga ubao, ukarudi hadi katikati ya uwanja.

Hatumlaumu mwalimu yule. Neno alilitoa katika miongozo yetu, na mtoto alilitii kama linavyosema.

Tuanze na bunduki. Jina lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na kwao bunduq ni kokwa ya mti, likawa jina la vidonge vya duara vilivyorushwa kwa upinde, kisha likahamia kwenye silaha ya baruti. Risasi ni jina la madini. Mzinga tumewaazima nyuki. Lakini kwa upande wa vitenzi wazee hawakukopa: walikuwa na kulenga, kupiga, kufuma, kutungua na kufyatua, na kila kimoja kina mahali pake. Katika hivi, kinachotufundisha zaidi ni kufyatua. Mtego hufyatuka, tofali hufyatuliwa katika kalibu, upinde wa mtego wa ndege, uliokunjwa na kuzuiwa kwa kijiti, hufyatuka ndege akikigusa. Maana ya msingi ni kuachia kitu ambacho kilikuwa kimezuiwa, na mara nyingi nguvu ilikuwa tayari imo ndani ya kitu chenyewe. Hii ndiyo hali ya bunduki. Nguvu imo katika baruti, na mtu huiruhusu tu.

Ndiyo maana mkufunzi wa shabaha hutumia muda mwingi kumfundisha mwanafunzi mambo ya kutofanya. Asishtue kifyatulio bali akifinye polepole, asikaze bega, pumzi aitoe nusu, kisha atulie katika ile nafasi fupi iliyo baina ya pumzi na pumzi. Vile vyuma viwili vya kuonea, cha nyuma na cha mbele, avipatanishe na shabaha, kisha avilinde visicheze. Wapigaji wa mashindano hujitahidi hata kufyatua baina ya mapigo mawili ya moyo. Risasi ya bunduki ambayo askari wetu huiita SMG hutoka mtutuni kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, na katika mita 100 za kwanza huanguka kadiri ya upana wa kiganja tu. Kwa mlengaji njia yake ni kama uzi ulionyooka. Hana haja ya kuipa nguvu wala kuipa umbo.

Katika uwanja huu huu wa bunduki neno kupiga lina kasoro yake, nayo inawahusu zaidi watumishi wa serikali kuliko wanamichezo. "Alipiga risasi" ni kusema bunduki ililia. "Alimpiga risasi" ni kusema mtu aliumia. Kati ya sentensi hizi mbili kuna silabi moja tu, na silabi hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kumtishia mtu na kumuua. Karani anayeandika maelezo ya shahidi kwa haraka, au mfasiri wa mahakama anayeyageuza kwa Kiingereza, akiidondosha ameharibu kesi. Akiandika "alifyatua risasi" amesema tendo bila kudai matokeo. Akiandika "alimfyatulia risasi" amesema nani alilengwa, na bado hajasema kama ilimpata. Akiandika "alimpiga risasi" amesema yote. Ngazi hizi tatu zimo katika sarufi yetu bila ya gharama yoyote. Magazeti, kwa upande wao, yamezoea "walirushiana risasi", na hatuwapingi, kwa sababu usemi huo unaonyesha vizuri ufyatuaji wa ovyo usio na shabaha. Methali nayo yasema: mlenga jiwe kundini hajui limpataye. Tazama jinsi kulenga humo kulivyochukua maana ya kurusha pia. Lugha ya zamani haikuwa na ukaidi wa kamusi.

Sasa tuingie katika kikapu. Mchezo huu ulibuniwa na James Naismith mwezi Desemba mwaka 1891 katika mji wa Springfield, Marekani, kwa vikapu vya kuchumia matunda vilivyopigiliwa kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi. Watu wengi hukumbuka vikapu na kusahau sababu. Naismith alitaka mchezo wa ndani ambao wachezaji hawataumizana, akaona kwamba goli likiwa wima, kama la kandanda, kila mtu atalivurumishia mpira kwa nguvu zake zote. Akaliweka juu, na mdomo wake akauelekeza mbinguni, ili anayetupa kwa nguvu asipate kitu na anayerusha kwa upole ndiye apate. Alikumbuka mchezo wa utotoni mwake wa kuangusha jiwe lililowekwa juu ya mwamba, ambamo watoto waliorusha kwa mpindo waliwashinda waliovurumisha. Kwa hiyo mpira wa kikapu ulizaliwa kwa nia ya kumkatisha tamaa mpigaji. Kumwambia mtoto piga katika mchezo huu ni kumwagiza afanye jambo ambalo mchezo ulibuniwa kulizuia.

Hesabu inaliunga mkono neno rusha. Pete ya chuma ina upana wa sentimeta 45 na iko mita 3.05 kutoka ardhini. Mpira wa wanaume una upana wa sentimeta 24 hivi. Mtu akisikia hivyo hudhani nafasi ni kubwa. Lakini mpira hauioni pete kutoka juu, bali huijia kwa mshazari. Ukishuka kwa pembe ya nyuzi 45, mdomo ulio wazi mbele yake umebaki kama sentimeta 32. Ukishuka kwa nyuzi 32, umebaki sentimeta 24, yaani sawa na mpira wenyewe, na chini ya hapo hauwezi kuingia bila kugonga chuma. Mrushaji, basi, hana budi kuupa mpira mlima wa kupanda na kushuka. Katika mtupo huru mpira huondoka mkononi kwa mwendo wa kama mita 7 kwa sekunde na huwa angani kwa muda unaokaribia sekunde nzima. Risasi tuliyoitaja hupita zaidi ya mita 400 katika muda huo.

Zaidi ya hayo, mrushaji hana baruti. Nguvu inatoka magotini, inapanda kiunoni, inapita begani na kwenye kiwiko, na inamalizikia katika kifundo cha mkono na ncha za vidole, zinazouachia mpira ukizunguka kinyumenyume ili ukigusa chuma upoe. Yeye ndiye mtutu, ndiye baruti, ndiye kifyatulio. Mlenga bunduki husifiwa kwa kuufanya mwili usiwepo. Mrushaji husifiwa kwa kuutumia wote kwa kipimo kilekile kila mara. Wala wingi wa nguvu haumsaidii. Shaquille O'Neal, mmoja wa watu wenye nguvu nyingi kupata kucheza katika ligi ya NBA, hakufikia mitupo huru 53 kwa kila 100 katika maisha yake ya mchezo. Stephen Curry, mwenye umbo la kawaida kwa kadiri ya ligi hiyo, huingiza kama 91. Na Hasheem Thabeet wetu, aliyekuwa wa pili kuchaguliwa na timu za ligi hiyo mwaka 2009, hakuchaguliwa kwa shabaha. Sifa yake ilikuwa kuizuia shabaha ya wengine, yaani kupangua mipira, na kupangua ni neno ambalo watangazaji wetu wamelichukua kutoka kwa walinda mlango wa kandanda nalo linafaa mno.

Ukipima usahihi peke yake, bunduki inashinda kwa mbali. Katika mashindano ya bunduki ya hewa ya mita 10, nukta inayompa mtu alama 10 ina upana wa nusu milimeta, na walengaji wa daraja la dunia huigusa karibu kila risasi katika risasi 60. Wachezaji wa kikapu wa kulipwa, kwa pamoja, hukosa takriban mtupo mmoja huru katika kila minne, na hali imekuwa hivyo kwa miongo mingi. Lakini kulinganisha huku kwa tarakimu tupu si haki. Bunduki imetengenezwa na fundi ili irudie tendo moja bila kuchoka, na mkono wa mtu haukutengenezwa hivyo. Tena, mbali na mtupo huru, mrushaji wa kikapu ana mpinzani mbele yake na miguu iliyo mwendoni, hali ambayo kwa upande wa bunduki tungeifananisha na kuwinda kwale kwa marisau kuliko kulenga karatasi iliyosimama.

Ikiwa kuna mahali ambapo stadi hizi zinakaribiana hasa, basi ni katika mpira wa pete, na twashangaa kwamba wanaoandika juu ya shabaha hawautaji. Mabinti wa shule zetu wameucheza kwa miaka mingi katika UMITASHUMTA na UMISSETA. Ndani yake hapana ubao wa kusaidia. Pete ni nyembamba zaidi, lakini kimo chake ni kilekile. Wanaoruhusiwa kurusha ni wawili tu katika timu. Na mpinzani hana ruhusa ya kumkaribia mno mwenye mpira. Mrushaji amesimama, ametulia, ana sekunde tatu. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi wa mgambo maana ya kutuliza mwili kabla ya tendo, huna haja ya kwenda Oljoro. Mpeleke akamtazame binti wa darasa la saba uwanjani.

Na jicho? Hapa ndipo undugu ulipo. Mwaka 1996 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Calgary, Joan Vickers, alichapisha uchunguzi juu ya wachezaji wanawake wa kikapu waliovalishwa chombo cha kufuatilia macho wakati wa mtupo huru. Aliona kwamba wale hodari hutuliza jicho mahali pamoja pa pete mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi kabla ya mkono kuanza, na kwamba wasio hodari macho yao hutangatanga. Wachunguzi waliofuata waliona jambo la jinsi hiyo kwa walenga bunduki. Baruti, magoti na kimo cha pete havimo katika jambo hili. Kilichomo ni kule kutulia kwa jicho kabla ya tendo. Waswahili wanaposema fulani ana shabaha, iwe kwa bunduki, kwa manati, kwa jiwe au kwa mpira, nadhari yao imo hapohapo.

Shabaha, basi, tuiache iwe jina la uwezo huo, kwa stadi zote mbili. Ni kweli kwamba neno hili limewahi kufanya kazi nyingine: katika maandishi ya serikali ya miaka ya 1960 na 1970 tulizoea kusoma juu ya shabaha ya mpango na shabaha ya mkutano. Siku hizi kazi hiyo imechukuliwa na lengo, hata watumishi wa mipango wametuzalia walengwa, na mwananchi wa Sokon I akiambiwa kwamba yeye ni mlengwa wa mfuko wa jamii hufurahi, wala hakimbii. Kwa sababu hiyo shabaha imepumzishwa, na inaweza kurudi uwanjani bila kugongana na mtu. Wapo wanaopendekeza ulengaji badala yake. Sisi hatuoni faida. Ulengaji ni tendo la dakika ile, na shabaha ni uwezo ambao mtu hulala nao na kuamka nao.

Kwa vitenzi twapendekeza hivi. Kwa bunduki, kufyatua kwa tendo, na kumpiga mtu risasi kwa matokeo yake. Kwa kikapu na pete, kurusha kwa tendo, na kufunga kwa matokeo. Mwandishi wa michezo ndiye atakayefaidika kwanza. Leo anaandika kwamba fulani alipiga mashuti 10, nasi hatujui ni mangapi yaliingia. Akiandika mirusho 10, vikapu 4, amemaliza. Kutumbukiza kubaki kwa yule arukaye na kuuweka mpira ndani kwa mkono wake, kwa maana huyo harushi. Kutungua tunakukataa katika kikapu, ingawa kumependeza masikio katika kandanda, kwa kuwa kutungua ni kuteremsha kitu kilicho juu, embe au ndege, na mrushaji hateremshi kitu bali anapandisha. Kudungua, ambako kumezoeleka sasa kwa ndege za vita na kumetupa mdunguaji, kubaki jeshini.

Pingamizi tunayoijua ni kwamba kurusha kumekwisha kujaa: watu hurusha mkuki, hurusha matangazo, hurusha ndege na hata roho. Ndivyo. Lakini neno lenye kazi nyingi hujulikana kwa linaloandamana nalo, na hakuna atakayesikia "mrusho wa pointi tatu" akadhani ni habari ya redio. Kiingereza chenyewe, kinachosifiwa kwa shuti lake, kiliacha neno la kutupa katika mtupo huru hadi leo, kwa kuwa kanuni za kwanza za Naismith zilizungumza juu ya kutupa. Shuti lilikuja baadaye. Pingamizi nyingine ni ya vijana, kwamba shuti ni tamu na ni fupi. Hatuna nia ya kuwakataza. Uwanjani waseme wapendavyo; tunachokiomba ni kwamba mwongozo wa mwalimu, taarifa ya polisi na kitabu cha kiada visiwaige.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalipatia jina la kuridhisha, nalo ni ule utulivu wa jicho alioueleza Vickers. Jicho tulivu ni tafsiri ya neno kwa neno, na humwelekeza msomaji kwenye sura ya jicho badala ya kipindi chake. Tumefikiria kituo, kama msomaji wa Kurani atuavyo kwenye kituo kabla ya kuendelea, na tumefikiria mtuo. Wakufunzi wa shabaha na walimu wa mpira wa pete bila shaka wanalo neno wanalowaambia wanafunzi wao wakati huo, hasa walio Arusha na Monduli, ambako stadi zote mbili zinafundishwa karibu karibu. Tunawaomba watuletee, pamoja na sentensi walimolitumia.